Maua Niliyompelekea Mdogo Wangu Mlolongo

Siku hiyo tulikuwa watu watano chumbani, Mlolongo, ghorofa ya nne. Wa kwanza ni mdogo wangu anayenifuata. Mama aliniachisha ziwa ndipo akashika mimba yake, kwa hivyo tulikua kama pacha. Wa pili ni binti yake, mwenye hiyo nyumba, ambaye kwetu ni binti yangu pia, maana mtoto wa dada yako ni wako. Ananiita mwaitu, mama yangu, vile anavyomwita aliyemzaa. Wa tatu ni mjukuu wangu, msichana wa kwanza wa kijana wangu mkubwa, na kwa desturi yetu yeye ndiye mwenye jina langu. Ako na saluni Kyumbi. Wa nne ni jirani wa mlango wa pili, mama Mkikuyu anayeuza nguo za watoto sokoni, alikuwa amekuja kuomba na mgonjwa. Wa tano ni mimi. Mume wa binti yetu alikuwa kazini, kule malori yanapopimwa uzito, kwa hivyo simhesabu.

Majina yao yote niko nayo, na ya wazazi wao. Shule nilikaa miaka mitatu tu, kwa hivyo vitu vyangu nimeviweka kichwani wala si kwa karatasi, na bado havijaanguka. Lakini binti yetu ameniomba nisiandike jina la mtu, na nimemkubalia.

Tulikuwa tumekaa kuangalia picha za maua nilizopiga na kutengeneza mwenyewe kwa simu. Nilitaka mdogo wangu ayaone maua ya kwetu ya mvua hiyo kabla macho yake hayajafunga kabisa. Nilikuwa nimejipa kazi hiyo kwa sababu macho yake yaliharibika kwa neno langu.

Acha nieleze. Miaka mingi iliyopita mimi nilikuwa na mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaoingia kwa jicho la mzee. Nilienda hospitali, nikaambiwa bado haijaiva, nikangoja, ikaiva, nikapasuliwa, nikaona. Sasa mdogo wangu alipoanza kugonga bega kwenye mlango na kumwaga chai pembeni ya kikombe, alinijia mimi kwanza. Alisema anaona kama moshi kando, lakini mbele kuko sawa. Nikamwambia, "Hiyo ni mtoto wa jicho. Ngoja iive. Ukienda mapema watakurudisha."

Alingoja. Mimi ni mkubwa wake, nikisema anasikia, imekuwa hivyo tangu tukiwa wa kuchota maji. Alingoja mvua mbili, karibu mwaka mzima. Nikikutana naye sokoni namuuliza, "Imefika wapi?" Ananiambia, "Bado inaiva." Tulikuwa tunacheka.

Halafu madaktari wa macho wakaja kanisani kwao, na akaingia kwenye laini kwa sababu ilikuwa bure. Daktari kijana alimwangalia kwa taa ndogo, akaangalia tena. Akasema hakuna mtoto wa jicho. Ni presha ya macho, na hiyo haingojwi. Jicho la kulia limekufa, la kushoto limebaki na katundu kadogo katikati, na kilichoenda hakirudi. Atapewa dawa ya matone ya kulinda hicho kidogo, basi. Akamuuliza, "Mama, kwa nini ulichelewa hivi?"

Mdogo wangu alimjibu, "Tulikuwa tunangoja iive."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeshika kibeti chake. Tulikuwa, alisema hivyo. Hakunigeuzia uso.

Wakamhamishia Mlolongo kwa binti yake, karibu na kliniki. Ni mahali pa vumbi. Machimbo ya mawe yako pale, malori hayalali, na ukianika nguo nyeupe unaianua ikiwa ya kijivu. Nilipoenda kumwona mara ya kwanza alikuwa ameketi dirishani na kale katundu kake. Mawingu ya mwezi wa kumi na moja yalikuwa yamejaa. Akaniambia, "Ikinyesha, yale mekundu ya kwetu yatatoka na mimi niko hapa kuangalia malori."

Mekundu ya kwetu ni yale maua yanayotoboa ardhi mvua ya kwanza tu ikinyesha. Hayana majani. Unaamka unakuta bua limesimama peke yake, na juu yake mviringo mwekundu wenye vijinyuzi kama brashi ya chupa. Yanakaa siku chache yanachoka. Nyumbani tulikozaliwa yako nyuma ya zizi la zamani, na tukiwa wadogo mama alikuwa anatukataza kuyashika.

Nilitoka pale nikapita Kyumbi, saluni kwa mjukuu. Yeye hupiga picha za vichwa alivyosuka, anazitengeneza kwa simu mpaka nywele zinang'aa, halafu anawatumia wateja. Nikamwambia nataka kujifunza hiyo kazi. Alikuwa anasuka mtu. Akasema, "Susu," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "unataka kufungua saluni?"

"Nataka kupiga maua."

Mteja akacheka chini ya mikono yake. "Maua hayahitaji kutengenezwa, susu, yanajipendeza yenyewe."

"Bahati yao," nikamwambia. "Wewe umehitaji saa nne za kusukwa."

Mjukuu alinipa simu yake ya zamani iliyopasuka kioo pembeni, na jioni ile akanifundisha kushika, kulenga, kubonyeza. Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya kidole. Ya pili na ya tatu pia. Alizifuta akaniambia, "Kidole tumekijua sasa, susu. Tuendelee."

Mvua ikanyesha. Kutoka kwangu hadi nyumbani tulikozaliwa ni mwendo wa saa moja kwa mguu, na magoti yangu si ya kuongea juu yake. Nilienda. Mekundu yalikuwa yametoka, matatu. Nilipiga nikiinama, nikapiga nimepiga magoti kwenye matope, lakini kila picha ua lilipotea katikati ya nyasi na mawe na ukuta wa zizi. Mimi mwenyewe nilikuwa nalitafuta kwa kioo kama mtu aliyepoteza sindano. Je, yeye wa katundu kamoja angeliona?

Hapo ndipo nikafikiria sketi yangu nyeusi, ile ya sare ya kanisa. Siku iliyofuata nilienda nayo. Niliifunga kwa vijiti viwili nyuma ya ua, na kila kitu kikapotea isipokuwa ule wekundu. Mtoto wa kaka yangu, anayekaa hapo sasa, alipita na ng'ombe akasimama.

"Shangazi, umeanza kuanika nguo msituni?"

"Napiga picha."

"Ya sketi?"

"Pita na ng'ombe wako."

Alipita, lakini nilimsikia akimwambia mkewe, na mkewe akaja kuona. Yeye hakucheka. Alishika kijiti kimoja kilichokuwa kinaanguka, akakaa hivyo mpaka nikamaliza.

Nilipiga mengine pia. Ua la kunde, ile zambarau ya maji maji. Ua la mbaazi, njano yenye mistari ya damu ya mzee. Ua jeupe la mti wa miiba, na yale ya njano yanayoota kando ya njia ya kisima. Matano kwa jumla. Yote yalipigwa na sketi nyuma.

Sasa kutengeneza. Maneno yaliyo kwenye simu ni ya Kizungu na siyasomi, kwa hivyo nilijifunza michoro. Kuna jua: ukilivuta kulia picha inapata mwanga. Kuna duara nusu jeusi nusu jeupe: hilo linatenganisha giza na mwangaza. Kuna tone kama la maji: hilo ni la rangi. Kuna mkasi wa kukata pembeni. Ya kwanza nilivuta vyote mpaka mwisho, na mjukuu alipoiona alisema, "Susu, hii umeipika mpaka ikashika sufuria." Nikaanza upya. Nilikuja kujua kuvuta kidogo, kuacha, kuangalia ukiwa umeweka simu mbali, kuvuta tena. Niseme ukweli, nilipenda. Nilikuwa nakaa mlangoni kwangu baada ya kulisha kuku, naita rangi itoke na inatoka. Kwa umri wangu hakuna vitu vingi unavyoita vikatoka. Kisha nakumbuka ni ya nini, na ile raha inaondoka yenyewe.

Nilienda Mlolongo kila Jumamosi ya pili. Binti yetu alisema nimtumie tu kwa simu yake, nisijichoshe, lakini nilitaka kuwa pale nimwone mdogo wangu usoni.

Mara ya kwanza aliileta simu karibu na pua, akaisogeza pole pole kushoto, juu, chini, akitafuta kwa kale katundu. Akasimama. "Ni lile jekundu," akasema. "La nyuma ya zizi. Na hii nyeusi ni nini, usiku?"

"Ni sketi yangu ya sare."

Alicheka mpaka akatoa leso. "Mchungaji anajua?"

Alipofika kwenye kunde akasema, "Hata kunde? Umekosa maua, mtoto wa mama?" Lakini aliiangalia kwa muda mrefu kuliko zote. Ile mara ya kwanza ilikuwa nzuri, siwezi kuikana.

Mara ya pili alisema zimefifia. Hazikuwa zimefifia. Nilirudi nyumbani nikavuta jua na duara zaidi. Mara ya tatu nikakata pembeni ili ua lijaze kioo chote. Mara ya nne nikavuta tone mpaka ua halikuwa tena na vijinyuzi, lilikuwa donge jekundu tu juu ya weusi. Mjukuu alinitazama nikifanya hivyo. Akasema kwa sauti ya chini, "Susu, hapo ua limeisha."

"Najua."

"Ukiongeza tena hakutakuwa na kitu."

"Akiliona, kuna kitu," nikamjibu, nikaongeza.

Na kweli mara ya nne aliziona zote. Mara ya tano pia. Alizitaja moja baada ya nyingine bila kukosea, na juu ya kila moja akaweka hadithi yake: mama akichuma kunde na mtoto mgongoni, baba akikata miiba ya uzio. Nilishuka zile ngazi nikiwaza kwamba pengine matone yanafanya kazi. Nilimwambia binti yetu, na yeye akaninunulia soda.

Basi ndiyo nafika siku ya watu watano. Asubuhi hiyo, kabla ya kutoka, nilikuwa nimelitengeneza lile jekundu mara nyingine, nikahifadhi. Sikujua, na hakuna aliyekuwa ameniambia, kwamba ukihifadhi picha uliyoibadilisha simu inaihesabu kama mpya na kuipeleka mwisho. Kwa hivyo jekundu liliondoka mwanzoni, na la kwanza sasa likawa kunde.

Tuliketi. Jirani alikuwa amemaliza kuomba. Nilifungua simu, nikaona kunde, nikafikiri si kitu, nikampa.

Mdogo wangu aliileta kwa pua akaisogeza kushoto, juu, chini, vile vile. Akatabasamu. "Hili hapa, jekundu la zizi," akasema. "Leo umelipata vizuri. Linawaka."

Nilisukuma kwa kidole, ikaja mbaazi.

"Kunde," akasema. "Ya mama."

Nilisukuma. Mti wa miiba. "Mbaazi. Ona ile mistari yake." Jirani alifungua mdomo, "Lakini hiyo ni nyeu—" na mjukuu wangu akamshika goti. Binti yetu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sahani ya nduma, na hakuisogeza. Nilisukuma tena, yeye akataja tena, mpaka mwisho ambapo lile jekundu lilikuwa limejaza kioo chote, na akasema ni ya njano, ya njia ya kisima, ile tuliyokuwa tunaweka masikioni tukijifanya wake wa machifu.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza. "Nimekosea?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni zenyewe."

Jirani aliaga, akasema ameacha maji motoni. Mjukuu alimfuata binti yetu jikoni, na nikasikia bomba likifunguliwa na kuachwa tu likimwaga maji. Tukabaki wawili.

Akasema, "Nilikosea wapi?"

"Hukukosea."

"Mtoto wa mama. Nilisikia yule mama akivuta pumzi."

Ndipo nikamwambia juu ya simu na picha iliyokimbia mwisho. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa njia. Akasema, "Tangu Krismasi sioni. Naona dirisha, kwamba liko. Siku zingine nakisia hata hilo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungekuja hapa umepanda ngazi zote hizo na matope kwa sketi, halafu niseme nini?"

Nilichukua simu nikafuta kioo chake. Alinyoosha mkono nikamrudishia, akaishika mapajani, kioo kikiwa chini.

"Nikuulize kitu," akasema. "Usikasirike. Ile siku uliniambia ningoje iive. Wewe ulikuwa umeambiwa na nani?"

Kwa mvua zote hizo hakuwa ameniuliza. Nilikuwa nimengoja swali hilo tangu siku ya daktari wa kanisani, na lilipokuja halikuwa vile nilivyofikiri. Hakuwa ananishtaki. Alikuwa anatafuta mahali pengine pa kupeleka lile jambo, palipo mbali na mimi. Nikaona mlango umefunguliwa, nikaingia.

"Nesi," nikasema. "Wa kliniki ile niliyopasuliwa."

"Nesi gani?"

Nikamtajia jina. Majina yote mawili, na la mume wake, na kwamba aliolewa upande wa Ekalakala.

Alilirudia mara tatu, pole pole. "Basi huyo," akasema. "Basi nimejua." Na uso wake ukalegea kidogo, jambo ambalo picha zangu hazikuwahi kufanya.

Tangu siku hiyo analitaja. Binti yetu ananiambia kwamba wageni wakija kumwona na kumuuliza ilikuwaje, hasemi tena "tulikuwa tunangoja". Anasema kulikuwa na nesi, anataja jina, anasema huyo ndiye aliyesema macho yangojwe. Jirani amelishika pia, analiweka kwenye maombi, kwamba Mungu amsamehe.

Na mimi nikiwa nyumbani najaribu kumwona huyo nesi akisema hayo maneno, na simwoni. Namwona amesimama mlangoni na faili. Naliona jina lake kwa kifua, nililisoma herufi kwa herufi kwa sababu nilikaa pale asubuhi nzima na hakukuwa na kitu kingine cha kusoma. Ndiyo maana ninalo; la mume wake na habari za Ekalakala nilizisikia kwenye benchi. Lakini neno lenyewe, ngoja iive, nikilisikia kichwani linakuja na sauti ya mtu mzima aliyeketi, si aliyesimama. Kulikuwa na wanawake kwenye benchi ile, tuliojifunga kitambaa jicho moja, na tulikuwa tunaongea vile wagonjwa wanavyoongea. Pengine ni mmoja wao. Pengine ni mimi niliyemwambia mwenzangu. Na kuna siku, nikiwa nimechoka, namsikia nesi akisema kinyume: mama, ukiona jicho la pili linabadilika, usikae nyumbani.

Mdogo wangu sijamwambia. Nikimwambia namnyang'anya hicho kidogo alichopata, na lile neno linarudi kwangu, kisha kwake, kwa sababu alinisikiza. Nimekwenda mara mbili hadi mlangoni pake na hilo mdomoni, nikaongea habari za kuku.

Maua bado napiga. Mvua imeisha na kumebaki machache, ya mbaazi zilizochelewa. Natandika sketi, napiga, navuta jua na duara kidogo kidogo, na vijinyuzi vinaonekana vyote. Mjukuu anasema sasa ninajua kuliko yeye. Simpelekei mtu.

Nimeandika haya jinsi ninavyokumbuka, na watu wanajua mimi sisahau. Lakini jina nililotoa ni la mtu, na ana watoto, na huenda wako sokoni Ekalakala wakiuza nyanya zao bila kujua kwamba mama yao anaombewa msamaha Mlolongo. Kwa hivyo nawaomba mnaosoma. Kama ulikuwa kliniki ile siku walizokuwa wakitupasua, kwenye benchi ndefu ya mbao chini ya dirisha la dawa, na unakumbuka ni nani aliyesema tungoje iive, nirekebishe. Nitumie mtu, au mwambie mjukuu wangu pale saluni. Kama ni nesi, niambie nipumzike. Kama ni wewe, sitakukasirikia. Na kama hukumsikia yeyote akisema ila mimi, hilo pia uniambie, ukiangalia usije wakati nimeketi na mdogo wangu.